Pikipiki ya Pembe za Daftari

Pole pole ndio mwendo, walisema wazee, na vijana waendesha pikipiki wa Bunia waliicheka methali hiyo, hasa katika miaka ya vita, ambapo aliyechelewa kuvuka barabara huenda asivuke tena. Bibiane naye aliiona kuwa methali ya watu wenye amani. Alikuja kuielewa kando ya kitanda cha kaka yake.

Kaka huyo, Nathanaël, ambaye Bibiane alimwita yaya kwa kuwa alimzidi umri, alikuwa bingwa wa mchezo wa video wa mbio za pikipiki kwenye televisheni ya kibanda cha Marcellin, karibu na soko. Bibiane, msichana wa haya aliyeacha shule darasa la nne, hakuwahi kucheza. Alisimama nyuma akitazama. Wengine walitazama nani anashinda. Yeye alitazama tope likiruka nyuma ya gurudumu, na kivuli kikibaki ardhini kila pikipiki iliporuka kilima, kikisinyaa, kisha kikikua tena kuipokea.

Siku risasi zilipolia mtaani mwao, televisheni iliporwa, na Nathanaël, katika kukimbia, alitumbukia mtaroni akavunjika mguu. Hospitalini munganga, yaani daktari, aliufunga plasta kutoka pajani hadi vidoleni.

"Juma nane," alisema. "Ukikanyaga kabla ya hapo, mfupa utaungana vibaya."

Nathanaël aligeukia ukuta, akakataa hata uji. Kwenye kitanda cha pili alilala Gaspard, mchimba dhahabu wa Mongbwalu, aliyevunjika vile vile. Kutwa alinung'unika kwamba wenzake wangelichukua shimo lake, kwani shimo lisilo na mtu ndani halina mwenyewe.

Ili kumchangamsha kaka yake, Bibiane alichora pikipiki kwenye pembe za daftari, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaziachia kurasa zipite mbio chini ya kidole gumba. Pikipiki ilipanda, ikatoweka, ikatua.

Nathanaël akacheka kwa mara ya kwanza. "Weye Bibiane, hii si pikipiki. Ni panzi!"

"Yaya, niko na picha nne tu."

"Ndiyo maana. Ile ya kwa Marcellin ilikuwa inainuka kidogo, kidogo. Ongeza zingine katikati. Na gurudumu ya nyuma itangulie kukanyaga, la sivyo mutu wako atavunja shingo."

"Ao mguu, kama weye mu mtaro," Gaspard akadakia.

Tangu hapo Bibiane alichora picha mbili tatu kwa siku, kila moja ikitofautiana na mwenzake kwa upana wa uzi. Nathanaël alizikagua kama mwalimu, akadai kivuli kirekebishwe, akadai tope zaidi, na katika kudai huko akaanza kula. Kadiri picha zilivyokaribiana, ndivyo pikipiki ilivyokimbia vizuri. Jambo hilo lilimshangaza Bibiane: mbio zote zile zilizaliwa na mkono usio na pupa.

Juma la tano milio ya bunduki ilikaribia. Destin, rafiki wa Nathanaël, aliingia akihema, pikipiki yake ikinguruma uani.

"Nathanaël, naenda Aru sasa hivi, kule hakuna vita. Niko na nafasi ya mutu moja. Kata hiyo plasta, mguu hautakunjika nayo."

Nathanaël akachukua kisu cha kumenyea mihogo. Mbele ya watu Bibiane hakuwa msemaji. Alilichukua daftari, akachana kurasa za katikati, akampa kaka yake zilizobaki.

"Angalia kwanza, yaya."

Pikipiki ilipaa kilimani, kisha ghafla ikawa chini, kama iliyotupwa.

"Umeiharibu! Zingine ziko wapi?"

"Nimezitoa. Ni zile juma tatu zimebaki, zenye weye hutaki kungoja."

Bunduki ililia tena, karibu zaidi. Nathanaël aliutazama mlango, jasho likimtiririka.

"Na wakifika hapa?"

"Watatukuta wawili."

Nathanaël akakiweka kisu chini.

"Basi nipeni mimi nafasi hiyo, na kisu," Gaspard alisema. "Destin, utaniacha njia panda ya Mongbwalu." Akaikata plasta yake kwa pupa ya fisi aliyeona mfupa, akaondoka.

Siku nne Bibiane na kaka yake walijilaza sakafuni, mguu ule ukizungushiwa godoro, wakisikiliza vishindo vya viatu barabarani. Hakuna aliyeingia. Siku ya tano wauza ndizi walirudi mtaani.

Juma la nane likatimia, plasta ikakatwa. Mguu ulikuwa mwembamba kama mti wa muhogo, lakini ulikuwa umenyooka. Mchana ule ule Gaspard aliletwa kwenye machela. Mguu wake ulikuwa umevimba na kupinda. Munganga alisema ni lazima uvunjwe upya.

"Na shimo?" Nathanaël alimuuliza.

"Nililikuta. Sikuweza kushuka ndani. Wakalichukua nikiwa nimekaa pale juu naangalia." Akafumba macho. "Nipeni maji."

Bibiane alitaka kuinuka, lakini kaka yake alimzuia. Akajaza mwenyewe kikombe cha bati, akavuka chumba hatua kwa hatua, asimwage tone. Gaspard alifumbua macho, akaitazama miguu ile miwili ikija mpaka ikamfikia. Kweli, pole pole ndio mwendo.