Kivuli Chetu Wenyewe

Wahenga walituonya kwamba jambo likiwa mkononi lifanywe, kwa maana kesho haina mdhamini. Fundi saa mmoja aliijua methali hiyo kama jina lake, lakini kujua ni jambo moja na kutenda ni jingine.

Mkewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Kwa miaka thelathini aliwaeleza wanafunzi kupatwa kwa jua kwa kutumia chungwa na taa, ila mwenyewe hakuwahi kushuhudia tukio hilo hata mara moja. Alipostaafu, presha ya macho ikamnyemelea, na daktari akasema bila kupindisha maneno kuwa nuru iliyobaki ilikuwa ya miezi tu.

"Baba watoto," alimwambia mumewe asubuhi moja, gazeti limegusa pua, "mwezi ujao jua linapatwa. Hapa kwetu litamegwa kidogo tu. Giza lenyewe litapita kaskazini, mwendo wa saa sita kwa basi. Nipeleke nikalione kabla macho haya hayajafunga duka."

Fundi, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, hakuinua kichwa.

"Saa za watu zimejaa mezani, mama. Mwakani mwezi nao utapatwa, na ule hauhitaji safari. Tutautazama hapa hapa uani, miguu tumeinyoosha."

Basi likaondoka bila wao. Siku ile mwanga ulififia kidogo mlangoni pa karakana, kisha ukarudi.

Mwaka uliofuata, usiku wa kupatwa, mwezi ulipochomoza, fundi alimshika mkewe mkono hadi uani, akamkalisha kitini. Mwalimu akainua uso, akaukazia macho ukuta. Fundi akamgeuza kidevu taratibu kuelekea mwezini.

"Mwezi umefika wapi?" mwalimu akauliza.

"Umeshaliwa wote. Umekuwa mwekundu kama..." Akakwama. Jino la gurudumu dogo kuliko punje ya mchele aliweza kuliona, lakini maneno ya mwezi hakuwa nayo.

"Hauliwi," mwalimu akamsahihisha kwa sauti ya darasani. "Ni kivuli cha dunia. Kivuli chetu wenyewe ndicho kilichouziba."

Machozi yakamtiririka fundi. "Nisamehe, mke wangu. Nilitunza ahadi za saa za watu, nikakunyima wewe siku moja."

"Nisimulie tu," mwalimu akasema, akiupapasa mkono wake. "Usiruke kitu."

Akamsimulia, akigugumia, mpaka mwezi ukarudi kuwa mweupe. Macho ya mwalimu hayakurudi. Linalowezekana leo lisingoje kesho.