Kigoda cha Nakijwa

Anayependa kesi asogee karibu. Asiyeipenda akae hapohapo alipo, maana hii itamfuata.

Huko Upareni, chini ya mlima Shengena, aliishi Mzee Mgonja, mtu wa maneno machache, aliyewasomesha watoto wake watatu sheria mpaka chuo kikuu. Wote watatu walihitimu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wakili. Yonazi, mkubwa, alifundisha Uraia katika sekondari ya kata. Kipaji chake kilikuwa kulichambua jambo lililovurugika mpaka kila kipande kikae mahali pake. Nietiwe, wa pili, alifungua duka la vifaa vya ujenzi. Kipaji chake kilikuwa kumtambua mwongo kabla hajafungua mdomo, elimu ambayo biashara ya saruji humpa mtu upesi kuliko profesa yeyote. Nambike, kitinda mimba, alikuwa diwani; kipaji chake kilikuwa kuwaleta watu mkutanoni, wakiwemo walioapa kwamba hawaji.

Mama yao, Nakijwa, hakusoma sheria. Yeye alikuwa na kigoda. Alikikalia kando ya mafiga, akapakua makande, na ugomvi wowote wa nyumba ile ulikwisha upawa wake ulipogonga ukingo wa sufuria. Aliyekaa kwenye kigoda ndiye aliyesema mwisho, na aliyebisha alipakuliwa mahindi bila maharage.

Nakijwa alifariki wakati wa mvua za vuli. Siku ya maziko akaja Mzee Kiwelu, muuza nyama pale sokoni, Mchaga, na kwa hiyo mtani wa kila Mpare aliye hai na aliyekufa. Mtani anaruhusiwa kufanya msibani mambo ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo. Kiwelu aliingia jikoni, akatoka na kigoda kichwani.

"Kigoda hiki kimefiwa," akatangaza. "Kikibaki kwa Wapare kitakula makande mpaka kife. Nakipeleka kwangu kikanuse nyama. Mkikitaka, nileteeni jogoo!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Mzee Mgonja naye akacheka, mara yake ya kwanza tangu mkewe alazwe hospitalini. Desturi ilikuwa wazi kwa wote: unapeleka jogoo, mtani anamla, kigoda kinarudi, mnacheka tena. Na jogoo alikuwepo, mnene, anatembea uani kama mwenye nyumba.

Matanga yalipoanuliwa, Mzee Mgonja akavaa koti lake, akampita jogoo, akaenda baraza la kata kumshtaki Kiwelu.

"Baba, jamani," Yonazi akamwambia jioni ile, "si tupeleke jogoo yaishe?"

"Nimkomboe mama yenu kwa kuku?"

"Ni kigoda, Baba."

Mzee aliona vizuri kabisa kwamba ni kigoda. Aliona pia kwamba siku Kiwelu atakapomla jogoo, jambo litakuwa limekwisha, watoto watarudi makwao, na hakutakuwa na sababu ya mtu yeyote kulitaja jina la Nakijwa katika wiki nzima.

"Atakayekitoa kigoda mikononi mwa Kiwelu," akasema, "atakikalia. Na neno la mwisho katika nyumba hii litakuwa lake."

Wote watatu wakaacha kutafuna kwa pamoja.

Siku ya kesi, Kiwelu alifika barazani amevaa suti. "Waheshimiwa," akasema, "tangu lini utani ukashtakiwa? Leo mnanishtaki kwa kigoda, kesho mtanishtaki kwa kumwita huyu mzee bahili. Na bahili ni yeye, shahidi ni jogoo!" Baraza zima likacheka, mwenyekiti Mzee Senzota akafuta machozi, akainua mkono afute na shauri lenyewe.

Hapo akasimama Yonazi. Alisema taratibu, kama anavyosema na kidato cha pili baada ya chakula cha mchana.

"Mzee Kiwelu, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu."

"Siku ile ulikichukua kigoda kiwe chako, au kikae mpaka kikombolewe?"

"Kikombolewe! Mimi mwizi?"

"Kwa hiyo kwako kiko rehani. Na mtani anayeshika rehani, hukitumia kitu au hukitunza?"

"Hukitunza. Hata mtoto analijua hilo."

"Basi, mwenyekiti, utani una sheria yake, na Mzee Kiwelu anaijua vizuri kuliko mimi. Tunachouliza sisi ni kama ameifuata. Hilo ni swali, na swali linasikilizwa."

Mzee Senzota akashusha mkono. Shauri likabaki hai.

Lakini swali bila ushahidi ni maneno tu. Kiwelu aliapa kwamba kigoda kiko juu ya kabati lake, kimefungwa khanga, hakiguswi hata na inzi. Nietiwe alimtazama usoni, akaondoka. Kesho yake alikwenda buchani kwake amevaa gauni lake la harusi za watu, la rangi ya maziwa.

"Baba Kiwelu, nichomee mbavu. Ila miguu inaniuma, nimesimama dukani tangu asubuhi."

Mfanyabiashara hamwachi mteja wa mbavu asimame. Kiwelu aliingiza mkono nyuma ya jiko, akavuta kigoda, akakifuta kwa aproni, jambo lililokizidishia mafuta. "Keti, binti yangu, keti." Nietiwe akaketi, akala, akashukuru. Baraza lilipokaa tena akaleta gauni, akalitandaza juu ya meza ya baraza.

"Hapa nyuma," akasema, "kuna duara la mafuta. Waheshimiwa wanaweza kupima, wanaweza kunusa."

Mzee Senzota alinusa. "Mbuzi," akasema.

"Juu ya kabati lake kunachomwa mbuzi?" akauliza Nietiwe.

Kiwelu akacheka kuliko wote. "Mtoto wa Nakijwa huyu! Kanila mbavu na kesi!"

Pamoja na hayo, uamuzi haukutolewa. Kwa utaratibu wa baraza lile, shauri la mambo ya jikoni haliamuliwi bila wajumbe wanawake, na wajumbe wanawake hawakuwepo. Hawakuwahi kuwepo. Baraza lilikaa siku ya gulio, na siku ya gulio kila mwanamke wa kata ile yuko gulioni na ndizi zake. Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, na Mzee Senzota akaanza kunong'ona kwamba likiahirishwa mara nyingine litafutika lenyewe.

Nambike hakusema neno barazani. Alikwenda gulioni, akakaa kati ya mafungu ya ndizi, akawauliza wajumbe wale siku wanayoweza. Akalipeleka jambo kwenye kikao cha kata, akalitetea, akazomewa na wanaume waliozoea kutoka barazani na kupitia sokoni kunywa. Siku ya baraza ikabadilishwa.

"Diwani ni binti wa mlalamikaji!" Kiwelu akapiga kelele.

"Sikuwaambia waamue nini, Baba Kiwelu," Nambike akamjibu. "Nimewaambia waje lini."

Wakaja wote, na vikapu vyao. Mmoja akamuuliza Mzee Mgonja, "Kigoda hiki kilikuwa cha nani?"

"Ni cha mke wangu."

"Kilikuwa."

"Ni," akasema Mzee, na karani akaandika hivyo.

Uamuzi ulitoka kabla chai haijapoa: aliyeitumia rehani amepoteza jogoo. Kigoda kirudi.

Kiwelu alikileta mwenyewe, kichwani, akiimba, na mguu wa mbuzi begani. Akakiweka kando ya mafiga. Makande yalikuwa tayari, wote wamezunguka, na hakuna aliyekaa pale.

"Bila mimi hakuna kesi," Yonazi akasema. "Ilikuwa imeshafutwa."

"Kesi bila ushahidi?" akauliza Nietiwe. "Na gauni langu nani ataliosha?"

"Ungelitandaza gauni mpaka lizeeke," Nambike akasema. "Nani angeamua?"

"Basi nitakata rufaa," akasema Yonazi.

"Kata. Nitaweka pingamizi," akajibu Nambike.

"Msiba huu mtamu," akasema Kiwelu, akachukua sahani. "Na mimi je? Siku ya maziko mlikuwa mnabishania kabati la vyombo. Niliwasikia. Hiki kilikuwa mlangoni mwa jikoni, mtu mmoja ameshakikanyaga alifikie hilo kabati, mwingine anakitazama kama kuni. Nani alikiona? Nisingekichukua, mngekuwa mnakumbuka leo kwamba kipo?"

Watoto wakatazama chini, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mzee Mgonja alisimama na upawa mkononi. Alikuwa ameahidi, na mbele ya watoto wote watatu. Akimpa mmoja, wawili wataondoka na kinyongo. Akimpa Kiwelu, wataondoka wote watatu. Akikikalia mwenyewe, atakuwa amevunja neno lake juu ya kigoda ambacho hakikuwahi kuvumilia neno lililovunjwa. Na akiahirisha, alijua vizuri sana, watakuja tena Jumapili, wote, kubishana na kulitaja jina la mama yao mpaka usiku. Lakini leo hakuna atakayekula, maana katika nyumba ile hakuna anayepakua akiwa amesimama.

Ameinamia sufuria bado, na wanne wanamtazama. Nyinyi mliosikiliza mna raha, mmekwisha kula. Semeni upesi, makande yanapoa: mngemkalisha nani?