Karibu Iliyobomoa Nyumba

Nina hadithi! Nanyi itikieni: Itoe! Basi naitoa, na mwishoni mtanisaidia, maana mwenzenu imenishinda.

Huko Mbeya walikuwako marafiki watatu, wachezaji wa gemu la kujenga kwa vitofali, ambalo watu wengi hucheza pamoja kwenye seva moja. Bupe alikuwa na sikio: neno likisemwa ovyo, yeye alilinasa. Ambakisye alikuwa na mkono: akiiandikia kompyuta amri, ilitii. Lugano alikuwa na moyo, na mdomo pia, lakini mdomo wake tuuache.

Kwenye seva ile kila mtu alikuwa na kiwanja chake, na asiye na ruhusa hakuweza kugusa hata kitofali kimoja. Bupe alijenga nyumba ya bibi yake, yenye kibaraza chekundu na jiko la nje. Ile nyumba ya kweli ilikwisha bomolewa kupisha barabara. Hii ya kwenye gemu ndiyo iliyobaki, na bibi alipenda kuonyeshwa kibaraza chake kwenye simu.

Siku moja Bupe akaingia, akakuta kiwanja kitupu. Alilia, na wala hakuona haya. Wengine nao walikwisha bomolewa nyumba zao, na hakuna aliyejua wabomoaji wanapata wapi ruhusa. Kaka Lusekelo, mwenye seva, akatangaza: "Atakayetuondolea balaa hili, kilele cha kilima cha humu sevani ni chake." Kilele kilikuwa na nafasi ya nyumba moja tu, na seva nzima ilikuwa ikikimezea mate. Bupe akaapa kwamba kibaraza cha bibi kitakaa kule juu.

Akasimama kwenye ua wa jirani, akatega sikio. Mgeni akaja, akaandika, "Hodi!" Jirani akajibu, "Karibu!" Papo hapo mgeni akaanza kung'oa mlango.

"Jamani, ni karibu!" Bupe akapiga kelele. "Hilo neno ndilo linalofungua!"

Kumbe Kaka Lusekelo alichagua "karibu" iwe amri ya kumpa mtu ruhusa, na ruhusa yenyewe ilikuwa moja tu kwa yote: kuingia, kuchukua na kubomoa. Sasa nani kati yetu hupigiwa hodi akanyamaza? Bupe mwenyewe alikumbuka kumjibu mtu asiyemjua, kisha kwenda kuepua maharage.

"Basi tubadilishe neno," Kaka Lusekelo akasema.

"Hapana, kaka," Ambakisye akajibu. "Adabu haina kosa. Tuipangie mipaka." Akaandika, akafuta, akaandika tena mpaka macho yakawa mekundu. Anayeambiwa "karibu" aishie kibarazani, atazame tu. Anayeambiwa "karibu ndani" afungue milango, ila masanduku asiyaguse. Kujenga na kubomoa, mpaka mwenye nyumba aseme "hapa ni kwako" na amtaje mtu kwa jina.

Lakini nani athubutu kuijaribu kwake? Kila mtu akakumbatia nyumba yake. Ndipo Lugano akafungua soko lake, vibanda kwa vibanda, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima. "Njooni na mashoka yenu! Karibuni!" Wakaja kama siafu. Wakakata, wakachimba, wala kitofali hakikutikisika. Mjanja mmoja akamwaga maji kutoka kiwanja cha jirani, yakasomba kibanda cha nyanya. Lugano machozi yalimlenga, lakini akafoka: "Endeleeni! Ambakisye, ziba hapo!" Akaziba. Wabomoaji wakachoka, soko likabaki limesimama, na seva nzima ikashangilia. Bupe alijisikia fahari.

Wakapanda kilimani wote watatu.

"Bila soko langu mngekuwa mnabahatisha mpaka leo," Lugano akasema.

"Na bila amri zangu soko lako lingekuwa vumbi," Ambakisye akasema.

"Na bila sikio langu ungeandika nini?" Bupe akauliza. Asubuhi ile bibi alikuwa amempigia: "Mjukuu wangu, kibaraza changu kinarudi lini?"

Wakasimama mpakani mwa kilele, wakaandika kwa pamoja: "Hodi!"

Kaka Lusekelo akajibu, "Karibuni." Kisha akaandika, "Hapa ni kwako," na vidole vyake vikagoma, maana kilichobaki ni jina, na jina ni moja.

Mpaka sasa hajalimalizia. Je, wewe ungemtaja nani?