Nani Avae Jezi ya Korongo?

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu, ni zamani za juzi hizi, palikuwa na timu ya mpira wa magongo iitwayo Korongo. Wachezaji wake walikuwa wanawake wa kulipwa, na mji wao ulikuwa mkavu kama kaa. Mnaujua mpira huo? Unachezwa juu ya zulia la plastiki. Zulia likikauka, mpira hautelezi, unarukaruka. Kwa hiyo lazima limwagiwe maji kabla ya mchezo, na limwagiwe tena wakati wa mapumziko.

Korongo hawakuwa na kisima. Kiingilio cha uwanja wao hakikuwa tiketi, kilikuwa dumu la maji. Ukija na dumu, karibu. Ukija mikono mitupu, rudi kwenu. Nusu ya madumu yalimwagwa mwanzoni, nusu yakangoja mapumziko.

Tena walikuwa na desturi nyingine. Msimu ukifika katikati, mashabiki walikaa kikao kuipima timu yao. Aliyeonekana kuiangusha alivishwa jezi iliyogeuzwa ndani nje, aivae mbele za watu mpaka msimu uishe. Uso umeumbwa na haya, walisema, na wakaona wamesema la maana.

Mwaka huo Korongo walikuwa wa pili kutoka mkiani. Mchezo wa mwisho kabla ya kikao wakacheza nyumbani, jua la utosini. Mapumziko yakawakuta wanaongoza mabao mawili kwa bila. Mashabiki wakapagawa! Ogola, mpiga ngoma wao, akanyanyua dumu akammwagia jirani. Jirani akammwagia jirani. Jerop, nahodha wa timu, akapita akicheka. "Mwageni tu, jamani! Hawa tumeshawamaliza."

Basi maji ya zulia yakaishia vichwani mwa watu.

Kipindi cha pili zulia likakauka. Mpira ukaruka juu ya gongo la Nanjala, golikipa. Ukaruka juu ya mguu wake. Ukaruka tena. Tatu kwa mbili, Korongo wamelala.

Kikaoni wakaulizana, "Nani ameiangusha Korongo?"

"Nanjala!"

"Jamani," Nanjala akasema, "zulia lilikuwa kavu."

Wakamzomea. Mikono ikanyooshwa, hapana uliobaki chini, na Mama Kavata, mwenyekiti wa mashabiki, akamvisha jezi. Nanjala akaivua palepale, akaitundika kwenye mwamba wa goli. "Nitarudi langoni siku nitakapoiona imevaliwa na mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Sasa hapo pana kazi. Golikipa mwingine wa maana hawana. Wakishuka daraja, mwenye timu ameapa ataivunja. Jumamosi ya mchezo ikafika. Mashabiki wakaja na madumu yao, wakamwaga maji kwenye zulia, na hakuna aliyeimba. Kila aliyeinamisha dumu alikumbuka alipolimwaga lile lingine. Walikuwa wanaona haya hata kutazamana. Jezi bado imening'inia golini.

Ogola akaweka ngoma chini. "Ni yangu hiyo. Mimi ndiye niliyeanza kumwaga. Nisingeanza mimi, asingefuata mtu. Halafu nikamzomea kuliko wote, kwa sababu nina sauti."

Jerop akamshika mkono. "Wewe ni shabiki, utajua nini? Mimi nalichezea zulia hili. Nilijua, na neno langu moja lingewazuia. Nikawaambia mwageni! Na kikaoni nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Nanjala, nikanyoosha mkono. Nipeni jezi yangu."

Mama Kavata alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Wanangu, mimi sikumwaga hata tone."

"Basi wewe una kosa gani, Mama?" Jerop akauliza.

"Ndilo hilo. Nililikalia dumu langu, limejaa. Nikawaona mnavyocheza na maji, nikasema moyoni, langu nitarudi nalo nyumbani, nina nguo za kufua. Nikafua kweli. Kisha nikamvisha mtoto wa watu jezi kwa mikono hii hii."

"Lakini Mama," Ogola akasema, "dumu moja lingelowesha nini?"

"Mbele ya goli," akajibu Mama Kavata. "Pale alipokuwa amesimama Nanjala."

Wakaenda golini wote watatu, kila mmoja akaishika jezi. Na tazama, Nanjala yuko mlangoni, glavu ziko kwapani. Haingii, hatoki. Anaitazama jezi, na mikono mitatu imeishika.

Haya, nyie mlioketi hapa. Msiniambie wote watatu, jezi ni moja na shingo yake ni moja. Yuko aliyeanza, yuko aliyeruhusu, yuko aliyebana maji akanyamaza. Refa ameshatia filimbi mdomoni.

Je, nani aivae?