Yadi Moja ya Delmar Kucera

Mtu aweza kula karamu mpaka akalegeza mkanda, lakini kukipambazuka tumbo lake halikumbuki kitu. Shibe haiwekwi akiba. Ndiyo maana watu wazima, wakimwona mtu anajipigia kifua kwa karamu iliyokwisha kuliwa, humwuliza: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Swali hilo lilimfaa sana Delmar Kucera, mzee wa miaka sitini na tisa wa mji wa Orrin, Nebraska, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi kila upande. Ujanani alicheza mpira wa Kimarekani katika Chuo cha Brandt, hapo hapo mjini. Katika mchezo huo mpira hubebwa kwapani. Mkimbiaji akisonga mbele huandikiwa yadi alizokwenda, na akiangushwa nyuma ya mstari hupunguziwa. Msimu wa mwaka wa sabini na saba Delmar alikimbia yadi elfu moja mia nne themanini na sita, na tangu hapo hakutokea kijana wa Brandt aliyezidisha hizo. Jina lake likawekwa kwenye ubao wa rekodi, katika ujia ulio chini ya majukwaa, kwa herufi nyeupe za kuchomeka.

Miaka ilipita kama maji ya mto. Delmar alioa, akafanya kazi kwenye maghala ya nafaka, akazeeka magoti kabla ya moyo. Watu walisahau. Jina lake lilisikika katika kipaza sauti mara chache tu, pale kijana fulani alipoisogelea rekodi. Mkewe, Arlys, alizoea kumtania.

"Kitendawili, Del."

"Tega."

"Nina mali ambayo majirani hawalitaji jina lake, ila siku mwizi akishashika kitasa."

"Nimeshindwa. Nakupa mji, nipe jibu."

"Mji sitaki. Jibu ni hiyo rekodi yako. Umeshaila hiyo, mume wangu. Nawa mikono, chakula kinapoa."

Sasa Arlys hayupo. Alikwenda njia isiyo na marejeo miaka minne iliyopita. Delmar aliendelea kulipia viti viwili uwanjani, chake na cha Arlys, na kila Jumamosi ya mchezo alitandika blanketi la marehemu kwenye kiti kile kitupu kama mtu atandikaye kitanda cha mgeni anayechelewa.

Binti yao, Jolene, aliishi mtaa wa pili kutoka uwanjani. Kila Jumamosi asubuhi alipiga simu.

"Baba, chili ya nyama na maharage iko jikoni na mikate ya mdalasini inaumuka. Mchezo ukiisha uje moja kwa moja."

"Tutaona, mwanangu."

"Hiyo tutaona yako naijua mimi. Watoto wanauliza kama babu yao ana miguu."

Lakini hakwenda. Kila mchezo ulipokwisha alishuka kwenye ujia, akasimama mbele ya ubao akilitazama jina lake mpaka mfagiaji alipozima taa. Kisha alirudi nyumbani kwake akala mkate mkavu, amesimama, karibu na sinki. Pale mbele ya ubao tu ndipo aliposikia tena uwanja ule wa sabini na saba, na msichana mmoja mwembamba wa safu ya tatu akiliita jina lake mpaka sauti ikamkauka. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa Arlys. Aliona kwamba siku herufi zile zitakapochomolewa, na sauti ile itakwenda nazo.

Mwaka huu mwizi alishika kitasa kweli kweli. Aliitwa Marquell Pettway, kijana wa Omaha, mwepesi kama swala. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya msimu, na mwaka wake wa mwisho chuoni. Alibakiza yadi mia na nne kumpita Delmar. Akizipata leo amezipata. Akizikosa, basi tena.

Delmar alifika mapema, baridi ikimng'ata masikio, akakuta mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu amekalia kiti cha Arlys.

"Samahani, mama. Kiti hicho kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

Delmar akalibana blanketi kwapani. "Hajafika."

"Basi akifika nitampisha. Cha kwangu kiko kule juu, na magoti yangu yamekataa ngazi." Akamtazama juu hadi chini. "Na wewe keti, kaka, unanizibia mjukuu wangu."

Alikuwa Bi Ernestine Pettway, bibi yake Marquell, aliyemlea tangu hajaota meno. Delmar akakaa, blanketi amelikunja mapajani.

Mchezo ulianza. Marquell akapewa mpira, akapenya, yadi sita. Akapewa tena, yadi tisa. Kila alipopita, Delmar alihisi kama anapunguzwa nyama mwilini. Mara ya tatu walinzi wa wageni wakamvaa kijana nyuma ya mstari, wakambwaga chini kama gunia.

"Safi!" Neno lilimtoka Delmar kabla hajalizuia.

Majirani wakageuka. Katika uwanja ule, ambako hata vichanga walivikwa nyekundu ya Brandt, hakuna aliyewahi kumshangilia adui.

"Safi nini?" akauliza Bi Ernestine. "Huyo si wa kwenu?"

"Nilimaanisha... yule mlinzi kakaba vizuri."

"Kamsifie kwao, basi. Ukimsifia hapa nitakupiga na chupa hii ya chai, na bado ina moto."

Watu wakacheka. Delmar akainamisha kichwa kwa aibu. Alijiuliza Arlys angesema nini kama angekuwa amekikalia kiti chake.

Ilipofika sehemu ya mwisho ya mchezo, Brandt walikuwa wakiongoza kwa mbali. Kipaza sauti kikanguruma: "Mabibi na mabwana, Marquell Pettway amebakiza yadi kumi kuvunja rekodi ya Delmar Kucera ya mwaka wa sabini na saba!"

Jina lake lilizunguka uwanja mzima, likagonga jukwaa la pili, likarudi. Delmar alifumba macho. Alikuwa amelingoja kwa miaka, nalo lilikuwa limekuja kumuaga.

"Sabini na saba!" akasema Bi Ernestine. "Huyo Kucera, Mungu amrehemu, alikuwa na miguu."

"Kwa nini amrehemu?"

"Si marehemu? Hesabu mwenyewe miaka. Kama bado yu hai basi atakuwa ni kizee, anapigwa jua mahali na blanketi mapajani."

Delmar akalisukuma blanketi chini ya kiti.

Mpira ukachezwa. Marquell akaingia pengo la kulia, akamkwepa wa kwanza, akamburuta wa pili. Yadi kumi na moja! Uwanja ukalipuka. Bendi ikapiga, kipaza sauti kikapiga kelele kwamba rekodi imevunjwa, na Bi Ernestine akamkumbatia Delmar hata miwani ikamtoka. "Nilimlisha uji mimi!" akalia. "Huyo! Nilimlisha uji kwa kijiko!"

Kocha, Corey Hruska, hakumtoa kijana hapo hapo. Alimwacha apewe mpira mara moja zaidi, ili avune makofi akiwa nao mkononi. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Vijana wa Brandt walikuwa bado wanacheka na kupigana mabega, hawakujipanga vizuri. Walinzi wa wageni wakapita kama upepo mlangoni, wakamwangusha Marquell yadi tatu nyuma ya mstari. Hakuna aliyejali. Kocha akamtoa, wenzake wakambeba, akavua kofia ngumu, akaketi benchini. Kule juu, katika kibanda cha vioo, waandishi wa takwimu walikuwa wakipeana mikono. Vitabu wangevikagua mchezo ukiisha.

Delmar peke yake hakupiga makofi. Kijana alizidi mbili, akapunguziwa tatu. Namba ile alikuwa ameiweka kifuani maisha yake yote, naye hakuhitaji kitabu. Rekodi ilikuwa imerudi kwake, kwa yadi moja.

Hakuwa na la kufanya ila kukaa kimya. Jioni ile wangekagua, wangetangaza kosa, na herufi zake zingebaki ubaoni, labda mpaka siku ya kufa kwake. Aliingoja furaha ije. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi mdomoni, kama kiporo cha jana kilicholala bila kifuniko. Akamtazama Bi Ernestine amesimama kwenye nafasi ya Arlys, sauti imemkauka kwa kuliita jina la kijana wake, machozi yakimtiririka mpaka kwenye skafu. Kwa mara ya kwanza tangu sabini na saba, sauti ile ya msichana wa safu ya tatu haikutoka ubaoni. Ilikuwa hapa, ubavuni pake, katika koo la mwingine.

"Nipishe, mama," akasema.

"Unakwenda wapi? Mchezo haujaisha!"

"Ndiyo maana nakwenda."

Akashuka ngazi, goti moja likilia na jingine likiitikia, mpaka kwenye ukuta mfupi wa uwanja. "Corey! We, Corey!"

Kocha akageuka. Alimjua tangu utoto. "Mzee Del! Pole, na hongera kwa miaka yote hiyo. Tutazungumza baadaye."

"Baadaye ya nini? Umempunguzia kijana tatu. Alinizidi mbili. Yuko nyuma yangu kwa yadi moja. Mrudishe."

Kocha alipauka. "Una hakika?"

"Mwanangu, namba hiyo nimelala nayo usiku mwingi kuliko nilivyolala na mke wangu."

Kocha akainua macho. Saa ya uwanja ilikuwa ikila dakika za mwisho. "Lakini, mzee, ungenyamaza tu..."

"Mrudishe kabla sijabadili nia!"

Marquell akavaa kofia ngumu bila kuelewa. Safari hii wenzake walijipanga kama ukuta. Alipopewa mpira, Delmar, ameushika ukuta wa uwanja kwa mikono yote miwili, alijisikia akipiga kelele: "Ingia ndani! Shusha bega! Miguu, kijana, miguu!" Kijana akashusha bega, akaingia. Yadi nne. Sasa ilikuwa imevunjika kweli, na aliyeivunja pamoja naye alikuwa mwenye rekodi mwenyewe.

Mchezo ulipokwisha kocha alimshika mkono Marquell akamleta ukutani, na Bi Ernestine akawafikia akitweta.

"Bibi," kijana akasema, "kocha anasema huyu ndiye aliyewaambia. Huyu ndiye Delmar Kucera."

Bi Ernestine akaweka mkono kiunoni. "Wewe ndiye marehemu!"

"Ndiye mimi."

"Na umekaa ubavuni pangu mchana kutwa ukiniacha nikuombee rehema?"

"Nilizihitaji, mama."

Yule mama alicheka mpaka akamwegemea mjukuu wake, kisha kicheko kikapungua. "Na mwenye kiti? Hakuja?"

"Alikuwa mke wangu. Hatakuja."

Bi Ernestine akalitoa kwapani blanketi aliloliokota chini ya kiti, akalikung'uta, akamwekea Delmar begani. Baada ya hapo akauliza, "Sasa hapa mjini kwenu mtu anakula wapi? Nimetoka Omaha alfajiri na tumbo langu limeniandikia barua."

Walipita kwenye ujia. Ubao ulikuwa pale pale, jina lake bado liko juu mpaka Jumatatu. Miguu ya Delmar ilijua pa kusimama na ikataka kusimama. Aligusa herufi ya kwanza ya jina lake kwa kidole, kama mtu agusaye shavu la mtoto aliyelala, akapita.

Jolene alifungua mlango, mwiko mkononi. Alimwona baba yake, kisha akawaona wageni nyuma yake.

"Baba? Umekuja?"

"Tuko watatu. Imebaki?"

"Nimepika ya watu wengi miaka minne, baba. Ingeachaje kubaki?"

Wakaketi. Wajukuu wakachungulia chini ya meza kuhakikisha kwamba babu ana miguu. Harufu ya mdalasini ilijaa nyumba, harufu ile ile ya jiko la Arlys, na Delmar ilimbidi angoje kidogo ndipo aweze kushika kijiko. Mkononi mwake mlikuwa na bakuli la bluu lenye ufa, la Arlys. Jolene alikuwa akimtengea hilo kila Jumamosi.

Marquell hakugusa chakula chake. Macho yake yalikuwa bado uwanjani. "Mzee Kucera," akauliza, "unadhani yangu itakaa miaka mingapi pale ubaoni?"

Delmar alimtazama, akajiona mwenyewe wa sabini na saba ameketi kitini. Akachukua mkate wa mdalasini uliokuwa ukitoa moshi, akamwekea kijana kando ya bakuli.

"Kula, mjukuu wangu, ungali wa moto," akasema. "Mla ni mla leo; mla jana kala nini?"