Masikio ya Fundi Saa

Mtu akienda dukani kununua jembe, akalipima hili mkononi, akaligonga lile kwa kidole, akaukagua mpini wa lile jingine, mvua itanyesha na kukatika yeye yumo dukani bado. Ndipo wahenga wakasema mchagua jembe si mkulima. Bintiye fundi saa aliikariri methali hiyo tangu shuleni, wala hakudhani kwamba ilimhusu. Hakuwa na shamba. Alikuwa na simu.

Alikuwa mtunza bohari katika duka la vigae, na nyumbani walimwita Bi Mpango, maana tangu utotoni hakupata usingizi vijiko vikiwa vimechanganyika na uma. Baba yao alipoanza kuugua, kumbukumbu zote za ugonjwa alikabidhiwa yeye bila mjadala. Mama alikuwa na mtindo wake wa kale: kila dawa iliyoingia nyumbani alikata ubavu wa boksi lenye jina na kuutia ndani ya kopo la biskuti. Bi Mpango aliliangalia kopo lile kwa huruma.

Tatizo lilikuwa programu ya kutumia. Ya kwanza iliandika vizuri lakini haikukumbusha kazi. Ya pili ilikumbusha kuliko mama mkwe, ila haikuweza kuhifadhi kurasa za mtandaoni. Ya tatu ilihifadhi kila ukurasa, ikawa nzito kufunguka. Basi kila jioni alihamisha, akafuta, akachagua rangi za folda, akasoma makala za kulinganisha programu na kuzihifadhi ndani ya programu zenyewe.

Katikati ya pilikapilika hizo, baba alidungwa sindano katika zahanati ya mtaani. Midomo ikamvimba, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida. Wauguzi walimwahi. Baadaye muuguzi mmoja alitoa kiboksi cha sindano ile, akawaonya wasikipoteze, kwa kuwa mara ya pili huenda asiokoke. Mama alinyoosha mkono akichukue, lakini Bi Mpango alimtangulia.

"Niachie mimi, mama. Karatasi hupotea."

Alikitia mkobani. Angeandika jina lile mara tu atakapoamua liandikwe wapi. Juma lililofuata alisafisha mkoba, akatupa karatasi na viboksi vyote, moyo wake ukiwa mweupe.

Miezi michache baadaye baba alishikwa na homa iliyomfanya aweweseke. Hospitalini daktari alisema sumu imeshaingia kwenye damu. Alikuwa na dawa nzuri mkononi, ila aliona wasiwasi kwenye nyuso zao, akauliza kama mgonjwa amewahi kudhuriwa na sindano yoyote. Wote wakamgeukia Bi Mpango.

Alifungua programu ya kwanza. Folda za rangi ya samawati, tupu. Akafungua ya pili, akakosea neno la siri mara mbili. Akatafuta "sindano", akatafuta "baba", akatafuta "uvimbe". Ya tatu ilipofunguka ilimletea makala: programu bora za mwaka, programu za bure, ipi ikufae wewe. Kaka yake aliipigia simu zahanati, ikaita bila kupokelewa. Nyuma ya pazia baba alikuwa akikoroma vibaya.

Mama aliketi sakafuni, akalimimina mapajani mwake kopo la biskuti alilokuja nalo. Vipande vya maboksi vilikuwepo vyote, vya miaka na miaka, na alivipitia kimoja kimoja. Kisha akainua uso.

"Kile ulikichukua wewe," alisema, bila ukali wowote. Bi Mpango alitamani ardhi immeze.

Wakati huo ndipo alipokumbuka: hakuwa amepoteza kitu simuni. Jina lile hakuliandika popote. Alikuwa bado anachagua.

Daktari hakugomba. Alisema hawezi kubahatisha na ile dawa nzuri, huenda ndiyo iliyomvimbisha. Iko nyingine, itamwokoa pengine, lakini ina ubaya wake: huweza kula masikio. Alihitaji ruhusa yao papo hapo. Mama aliitikia kwa kichwa, na wakaanza kungoja, kila mlango ukifunguka wakidhani wanaletewa msiba.

Baba alipona. Nyumbani alijibu kila neno kwa tabasamu tu, wakajidanganya kwamba ni uchovu. Siku aliyopata nguvu aliketi kwenye meza yake ya kazi, akachukua saa ya mteja, akaitia ufunguo, akaiweka sikioni kama alivyofanya maisha yake yote. Akaitikisa. Akaihamishia sikio la pili.

"Hii imekufa," alisema, kwa sauti kubwa mno.

Bi Mpango alikuwa mlangoni, na kutoka pale aliisikia saa ikipiga, tena vizuri. Alimwita baba yake. Akamwita tena. Mzee hakugeuka, alikuwa ameanza kuifungua saa nzima ili atafute ugonjwa usiokuwemo. Na binti yule, simu ikimlemea mfukoni, hakuwa na la kujitetea mbele ya wahenga: mchagua jembe si mkulima.