Mafiga ya Kalunde

Sogeeni motoni, wenzangu, maana hadithi hii ina baridi.

Zimwi lilipiga hodi kwa mjane Kalunde. "Mama, niazime figa moja nipikie." Kwao mgeni hanyimwi cha kupikia, akatoa. Likarudi, akatoa la pili. Likarudi tena. Kalunde akasita, maana kwao anayeng'oa mafiga yote amehama. Lakini akaona haya, akaling'oa la tatu.

Papo hapo nyumba, shamba na kaburi la mumewe vikainuka, vikayafuata mafiga hadi ndani ya gunia la zimwi.

"Umehama mwenyewe, mama," likasema.

Sasa Kalunde anapikia juu ya matofali, kando ya barabara. Moshi wake haupandi. Unatambaa chini kurudi kwao, naye huutazama mpaka uji ukaungua.

Mimi nimeishia hapo. Moshi bado unakwenda.